Uturuki inagombana na kila jirani, je nimruhusu mwanangu aende kusoma?

"Habari za kazi mwalimu. Kijana wangu wa kwanza amemaliza form six na amepata ufadhili wa serikali ya Uturuki, amepangiwa chuo Gaziantep. Tulifurahi sana mpaka shemeji yangu alipofungua ramani kwenye simu akanionyesha kwamba huo mji na Syria ni pua na mdomo. Akaendelea kusema Uturuki ni ndumilakuwili, ipo NATO lakini inanunua silaha Urusi, inagombana na Ugiriki, na Syria, na Armenia, na Israeli, na siku Wazungu wakichoka wataitimua NATO halafu Urusi itaimeza. Mimi biashara yangu ni vitenge, siasa za dunia naziona kwenye taarifa ya habari ya saa mbili tu. Naomba unieleweshe taratibu, Uturuki iko upande gani? Na ungekuwa wewe ungemruhusu mtoto?"

Dada yangu, kwanza hongera kwa kijana, huo ufadhili unaombwa na watu wa dunia nzima na wanaopata ni wachache. Na nikwambie mapema tu, shemeji yako sio muongo. Aliyotaja karibu yote yapo, tatizo ni namna alivyoyapanga, kakusanya ugomvi wa miaka na miaka akaumwaga mezani kwa dakika tano, na ukifanya hivyo kwa familia yoyote ile hata ya kwako au ya kwangu utaona pale ndani hapakaliki.

Swali lako lina maswali mawili ndani yake, moja la siasa na moja la mama. La mama ndio zito, ila halijibiki vizuri mpaka tusafishe la siasa kwanza, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Tuanze na hilo la kugombana na kila jirani. Kwa nchi kavu Uturuki inapakana na nchi 8. Iran, ambayo watu wengi wangedhani ndio adui namba moja, mpaka wake na Uturuki ulipangwa kwa mkataba wa Qasr-e Shirin mwaka 1639 na kwa sehemu kubwa upo pale pale mpaka leo, hawapendani hao, wanaviziana kila kona kuanzia Syria mpaka Iraki, lakini gesi ya Iran inaingia Uturuki kwa bomba na malori yanapita kila siku. Georgia, Mturuki anavuka na kitambulisho chake cha taifa tu bila paspoti. Bulgaria ndio njia ya malori ya kwenda Ulaya. Azerbaijan, wanaopakana nayo kwa kipande kidogo cha Nakhchivan, wanaitana taifa moja nchi mbili. Iraki ni ugomvi wa maji ya Tigris na bomba la mafuta la Kirkuk, ugomvi wa makaratasi zaidi. Armenia ni kweli mpaka umefungwa tangu 1993 na kuna kidonda kikubwa cha historia pale, lakini umefungwa kwa kufuli sio kwa mizinga, na Juni 2025 waziri mkuu wa Armenia, Nikol Pashinyan, alikuwa Istanbul anaongea na rais wa Uturuki, Erdoğan. Zinabaki Ugiriki na Syria, nitazirudia maana hizo zina mambo.

Hilo la kutimuliwa NATO, ule umoja wa kijeshi wa Marekani na Ulaya, nalo tulimalize haraka. Mkataba wa NATO wa 1949 una kifungu cha mwanachama kujitoa mwenyewe, kifungu cha kumfukuza hakipo. Na hata kingekuwepo nani angekitumia, Uturuki iliingia Februari 1952, siku moja na Ugiriki, na jeshi lake ni la pili kwa ukubwa mle ndani baada ya Marekani, kambi ya ndege za kivita ya İncirlik ipo kwake, rada ya Kürecik ipo kwake. Watu hawafukuzi mlinzi wa geti kwa sababu ana mdomo.

Na geti ndio penyewe hapo. Ukitaka kuielewa Uturuki sahau kwanza habari ya upande, fikiria kiwanja cha kona. Unajua mwenyewe kiwanja cha kona bei yake ni nyingine, barabara mbili zinakutana, kila mtu anataka kuegesha hapo, na mwenye nacho akikaza shingo mtaa mzima unajua leo kaamkaje. Kona ya Uturuki ni maji. Bahari Nyeusi yote, yaani bandari za kusini za Urusi, Ukraine, Romania, Bulgaria na Georgia, ina mlango mmoja tu wa kutokea, unapita Bosphorus katikati ya jiji la Istanbul, unaingia bahari ya Marmara, unatokea Dardanelles. Pale Bosphorus penye wembamba kabisa ni kama mita 700, unakaa kwenye kibanda unakunywa chai na meli ya mafuta inapita mbele yako taratibu kama vile inatafuta kituo.

Sheria za mlango huo ziliandikwa kwenye Mkataba wa Montreux mwaka 1936. Meli za biashara zina uhuru wa kupita wakati wa amani. Meli za kivita ni habari nyingine, lazima taarifa itolewe mapema, na kama nchi yako haina pwani ya Bahari Nyeusi basi meli yako haikai humo zaidi ya siku 21. Halafu kuna kifungu ambacho kwa miaka mingi sisi walimu tulikuwa tunakifundisha wanafunzi wanasinzia, kwamba kukiwa na vita na Uturuki haimo vitani, basi manowari za wanaopigana zisipite, isipokuwa ile inayorudi kwenye kituo chake. Februari 2022 Urusi ilipoingia Ukraine kwa nguvu zote, siku chache tu baadaye Uturuki ikatamka kwamba hii ni vita na kifungu kinafanya kazi. Angalia kilichotokea hapo. Urusi ikashindwa kuleta manowari kutoka mikoa mingine kuongezea zile zilizokuwa zinazamishwa na Waukraine. Lakini Uturuki ikaziambia na nchi zote nyingine, hata zenye urafiki naye, msilete manowari zenu huku, na Januari 2024 ilitamka wazi kwamba meli za kutegua mabomu ambazo Uingereza iliipa Ukraine hazitaruhusiwa kupita. Sasa mwambie shemeji achague hapo, Uturuki ilimsaidia nani? Kila upande ulipata kidogo na kila upande ulinuna kidogo, na mwenye mlango akabaki na ufunguo wake mfukoni.

Na kwa sababu ana huo ufunguo ndio maana Julai 2022 mkataba wa nafaka ulisainiwa Istanbul na sio Geneva, karibu tani milioni 33 za nafaka zikatoka Ukraine kabla Urusi haijajitoa Julai 2023. Bei ya ngano ilivyopanda mwaka ule mpaka maandazi yakawa madogo kama vifungo, hilo wewe mama unalikumbuka kuliko mimi.

Sasa kwa nini mwanachama wa NATO akanunue makombora ya S-400 kwa Mrusi? Hapa lazima urudi nyuma maana Waturuki wenyewe wanarudi nyuma kila siku. Mwenye nyumba wangu nilipokuwa naishi Ankara, mzee mstaafu, alikuwa ananiita chai jioni na kuanza kuilaumu Marekani, glasi ya kwanza mpaka ya tatu, halafu ukimuuliza basi mtoke NATO anakuangalia kama umemtukania mama. Kwenye kichwa cha yule mzee kuna orodha. Mwaka 1920 baada ya vita kuu ya kwanza washindi waliikata nchi yao vipande kwenye karatasi, Mkataba wa Sèvres, Waturuki wakapigana upya wakaufuta wakapata mkataba mwingine, wa Lausanne, 1923, lakini ile hofu kwamba kuna watu wamekaa mahali na mkasi haijawahi kuwatoka. Mwaka 1963 Marekani iliondoa makombora yake Uturuki kwa makubaliano ya chini chini na Warusi baada ya ile kashikashi ya Cuba, mwenye nchi hakuulizwa. Mwaka 1964 rais Johnson aliandika barua kali kuwaambia wakiingia Cyprus na Mrusi akaingilia, wasitegemee sana NATO. Waliingia Cyprus 1974, kufuatia mapinduzi yaliyopangwa na utawala wa kijeshi wa Athens, na Marekani ikawanyima silaha kuanzia 1975 mpaka 1978. Fimbo ya mbali haiui nyoka, ndio somo walilochukua, na tangu hapo wanatafuta fimbo ya kwao, zile droni za Bayraktar unazosikia ni mtoto wa hasira hizo.

Lakini kuelewa sio kusifia. Kwenye S-400 mimi naona Uturuki ilijipiga yenyewe. Walilipa kama dola bilioni 2.5, mitambo ikafika Julai 2019, mwezi huo huo wakatolewa kwenye mradi wa ndege za F-35 ambao walikuwa wameshaweka pesa, Desemba 2020 wakala vikwazo vya Marekani, na mtambo wenyewe hauwezi kuunganishwa na ulinzi wa NATO. Umenunua mwamvuli wa bei mbaya halafu kila ukitaka kuufungua unaangalia kwanza nani anakuona.

Kitu ambacho wanakifanya vizuri, na hapa ndio utaelewa kwa nini wanaonekana ndumilakuwili, ni kutenganisha mafaili. Na Urusi wana faili la Syria ambalo walikuwa pande tofauti, faili la Libya tofauti, Karabakh, lile eneo walilogombania Armenia na Azerbaijan, tofauti, Ukraine tofauti, maana Uturuki ilipiga kura Umoja wa Mataifa kulaani uvamizi na inaiuzia Ukraine droni. Lakini faili la gesi linatembea, faili la watalii linatembea, na kinu cha nyuklia cha Akkuyu, mitambo 4 ya jumla ya megawati 4,800, kinajengwa na Rosatom ya Urusi. Hawaruhusu faili moja liwashe moto mengine. Mara moja tu waliruhusu na wakajuta, Novemba 24, 2015 walitungua ndege ya kivita ya Urusi mpakani mwa Syria, walisema ilikuwa kwenye anga yao kwa sekunde 17, na Putin hakurusha bomu, alizuia nyanya. Nyanya dada, na matunda, na ndege za watalii wa kwenda Antalya, hoteli zikawa tupu, na Juni 2016 Erdoğan akaandika barua ya kusikitika. Tangu hapo wameshikana adabu, hata Februari 2020 wanajeshi wa Uturuki zaidi ya 30 walipouawa kwa shambulio la anga Idlib huko Syria kwa siku moja, haikupita wiki mbili Erdoğan akawa Moscow anasaini kusitisha mapigano.

Nije Syria, ndio iliyokunyima usingizi. Mzizi wa mambo mengi yanayofanywa na Uturuki huko ni chama cha PKK cha Wakurdi, kilichoanza vita vya silaha dhidi ya serikali ya Uturuki 1984, watu zaidi ya 40,000 wamekufa. Na cha ajabu sura moja kubwa ya hadithi hiyo iliandikwa hapa jirani, Nairobi. Kiongozi wao Abdullah Öcalan alikuwa amejificha Syria miaka mingi, Oktoba 1998 Uturuki ikasogeza vifaru mpakani ikamwambia rais wa Syria wa wakati ule, Hafez al-Assad, amtoe au tuje, akatolewa, akazunguka Urusi, Italia, Ugiriki, kila anapofika hapokeleki, mwishowe Wagiriki wakamleta Kenya wakamficha nyumbani kwa balozi wao. Nairobi ya wakati ule bado ina majeraha ya bomu la Agosti 1998, wapelelezi wa Marekani wamejaa, kumleta mtu anayetafutwa pale ni kama kuficha mbuzi msibani. Februari 15, 1999 alitolewa kwenye ile nyumba akidhani anapelekwa uwanja wa ndege kwa usalama, akajikuta kwenye ndege ya Waturuki, na tangu siku hiyo yupo kisiwa cha İmralı.

Ugiriki ikaaibika, mawaziri 3 wakaondoka akiwemo wa mambo ya nje Theodoros Pangalos. Ungetegemea hapo nchi mbili ziingie vitani, miaka 3 tu nyuma zilikuwa karibu kupigana kwa ajili ya visiwa viwili vya mawe na mbuzi vinavyoitwa Imia na Wagiriki, Kardak na Waturuki. Ikawa kinyume chake. Aliyeingia ofisini kwa Pangalos, George Papandreou, alielewana na mwenzake wa Uturuki İsmail Cem, halafu Agosti 1999 tetemeko likaua watu zaidi ya 17,000 upande wa Izmit na Wagiriki wakaja kufukua vifusi, Septemba Athens ikatikisika nayo Waturuki wakaenda. Desemba mwaka huo huo Ugiriki ikaacha kuizuia Uturuki kuwa mgombea wa Umoja wa Ulaya. Hiyo safari ya Ulaya baadaye ilikwama, tangu mazungumzo yaanze 2005 imekuwa kama mchumba asiyepewa tarehe ya harusi, Cyprus haijatatuliwa na mwenendo wa demokrasia ndani ya Uturuki unawapa Wazungu sababu, lakini na Ugiriki ukiangalia ni mzunguko ule ule, wanatishana, wanarusha ndege, wanaitana, Desemba 2023 wamesaini tamko la urafiki Athens. Ugomvi wa mistari ya bahari haujaisha na sidhani utaisha karibuni. Kupigana ndio hawataki.

Kwa Syria mambo yamebadilika sana kuliko ramani ya shemeji inavyoonyesha. Uturuki iliingiza jeshi kaskazini mwa Syria 2016, 2018 na 2019, ikabeba wakimbizi waliofika zaidi ya milioni 3.6, Umoja wa Ulaya ukaahidi euro bilioni 6 mwaka 2016 ili wabaki huko huko. Desemba 8, 2024 Bashar al-Assad, mtoto wa yule Hafez, akaanguka madarakani na waliochukua Damascus ni watu ambao Uturuki inaongea nao vizuri, mkuu wa ujasusi İbrahim Kalın alikuwa Damascus ndani ya siku chache, rais mpya Ahmed al-Sharaa akaja Ankara Februari 2025. Mwezi huo huo Öcalan kutoka gerezani akawaambia wafuasi wake waweke silaha chini, na Mei PKK ikatangaza kujivunja. Nisikudanganye kwamba kila kitu kimekaa sawa, Syria ni nchi iliyochoka na Israeli nayo inapiga ndani yake, Uturuki na Israeli saivi wanatazamana vibaya hasa, biashara Uturuki iliikata Mei 2024 kwa sababu ya Gaza, na hilo ndilo faili ambalo mimi binafsi naliangalia kwa wasiwasi kuliko mengine yote. Lakini ule mpaka wa 2014 au 2016 sio huu wa leo.

Kuna kitu kimoja zaidi kuhusu huo ugomvi wao, huwa una tarehe ya kuisha na tarehe hiyo mara nyingi inapangwa na pesa. Na Saudia walifikia kwenye mauaji ya Khashoggi, mwandishi wa habari wa Saudia, ndani ya ubalozi mdogo wa Saudia Istanbul, Oktoba 2018, na Misri walifukuzana mabalozi 2013, na Falme za Kiarabu walikuwa hawatazamani. Mwaka 2021 lira ikapoteza kama asilimia 44 ya thamani yake kwa dola, na Novemba ile ile Mohammed bin Zayed wa Falme za Kiarabu yupo Ankara na ahadi ya dola bilioni 10. Aprili 2022 kesi ya Khashoggi ikahamishiwa Saudia, mwezi huo huo Erdoğan yupo Jeddah. Februari 2024 yupo Cairo. Kwa walioipigania ile kesi iliuma, na ilistahili kuuma. Hata Sweden kuingia NATO, waliishikilia karibu miaka miwili kwa hoja za PKK, bunge lao likapitisha Januari 23, 2024, na ndani ya wiki hiyo hiyo Marekani ikaidhinisha kuwauzia ndege za kivita za F-16 za dola bilioni 23. Kwa hiyo ukiniuliza Uturuki iko upande gani nitakujibu iko NATO kwa ulinzi, iko na Ulaya kwa soko, iko na Urusi kwa gesi, na kila mmoja anatozwa kwa kupita kwenye kona. Ni mwenye duka mgumu, ndumilakuwili nadhani ni neno kali, ingawa mteja aliyelipishwa mara mbili anaweza kunibishia.

Na sisi ni wateja pia. Erdoğan alikuja Dar Januari 2017, mwezi uliofuata kampuni ya Kituruki ya Yapı Merkezi ikasaini ujenzi wa reli ya Dar hadi Morogoro, ndiyo hiyo treni unayopanda kufuata mzigo. Kule Somalia Waturuki wana kambi ya kijeshi tangu 2017, na Desemba 2024 waliwakalisha Somalia na Ethiopia meza moja Ankara. Ila wana upande wa pili, Oktoba 2024 Kenya ilikiri kuwarudisha Uturuki Waturuki 4 waliokuwa wakimbizi Nairobi, kwa ombi la Ankara.

Haya sasa tuje kwa mtoto. Gaziantep mpaka mji wa Aleppo wa Syria ni kama kilomita 100, Dar na Chalinze kwa makadirio, kwa hiyo shemeji kapatia. Na yametokea mabaya huko, Agosti 2016 harusi ililipuliwa mjini watu zaidi ya 50 wakafa, Novemba 2022 makombora yalitua Karkamış, wilaya ya mkoa huo huo iliyo mpakani kabisa, yakaua. Sikufichi. Lakini ni mkoa wa watu zaidi ya milioni 2, una viwanda, una vyuo, una baklava inayokufanya usahau kalimati, na watu wanaishi. Ungekuwa umeniuliza 2016 ningekwambia aombe mji mwingine. Leo vita sio namba moja kwenye orodha yangu.

Namba moja ni lira. Posho ya ufadhili inalipwa kwa lira, na Oktoba 2022 mfumuko wa bei kwa takwimu za serikali yenyewe ulifika asilimia 85, umepungua baada ya hapo ila mtoto akipanga bajeti Septemba ajue Machi itakuwa imechakaa. Akae hosteli ya ufadhili, asikimbilie kupanga na wenzake mtaani, na wewe weka akiba kidogo kwa dola. Namba mbili ni tetemeko, lile la Februari 6, 2023 lilipiga huko huko na Uturuki peke yake ilipoteza watu zaidi ya 53,000, kwa hiyo jengo analolala ni swali halali kabisa kuuliza chuo, limejengwa lini na limekaguliwa baada ya 2023 au bado. Namba tatu ni hasira dhidi ya wageni, zinawalenga Wasyria hasa, mwishoni mwa Juni 2024 Kayseri watu walichoma maduka yao, na mwanao hafanani na Msyria lakini umati ukishachemka hauangalii paspoti, akiona kundi linapiga kelele ageuze njia. Namba nne mdomo. Kumtukana rais kule ni kosa la jinai, kifungu cha 299, kifungo mpaka miaka 4, kwa hiyo yale tunayoandika huku kwenye magrupu ya WhatsApp ayaache Dar, na habari za Wakurdi asikilize tu, asiwe jaji.

Una njia tatu naona. Aende kama alivyopangiwa. Au aandike kwa wenye ufadhili kabla hajasafiri kuuliza kama kuhamishiwa mji mwingine inawezekana, jibu mara nyingi ni hapana lakini barua ya heshima haimpotezei nafasi. Au aache, abaki nyumbani na chuo cha hapa, na hilo nalo sio aibu kama moyo wako haujatulia kabisa, ila liwe uamuzi wa baada ya kuuliza, sio wa ramani ya simu. Mimi ningemruhusu aende.

Kuuliza kwenyewe usiishie kwangu. Nenda ubalozi wa Uturuki Dar na barua yake mkononi wakuthibitishie kwamba ni halali, kuna madalali wanauza ufadhili ambao hauuzwi, ukisikia mtu anataka pesa ya "kuharakisha" toka hapo. Akifika ajiandikishe ubalozi wetu Ankara wiki ya kwanza, apate namba za umoja wa wanafunzi Watanzania, na kibali cha ukazi akifuatilie mapema maana kikipitiliza hapo ndipo matatizo halisi ya mgeni yanaanzia. Akiitwa polisi kwa lolote asisaini karatasi ya Kituruki asiyoielewa, aombe mkalimani na apige ubalozini. Na kama kuna jambo kwenye historia ya familia yenu au shule aliyosoma ambalo unahisi linaweza kuleta maswali kule, hilo usiliandike hapa, kaongee na wakili ana kwa ana kabla hujakata tiketi.

Koti la baridi mnunulie huko huko, ya hapa hayafai.